Menejimenti ya biashara na sosholojia kwa pamoja, aliyesoma aje anipe ukweli

Nukta_Pacha aliuliza:

Habari zenu wakuu, naomba mawazo maana siku za kuthibitisha nafasi chuo zinayoyoma na mi bado sijaamua. Nimepata menejimenti ya biashara ila chuo kinaruhusu kuichanganya na sosholojia, digrii moja yenye majina mawili, nusu kwa nusu. Kiukweli moyo umeegemea huko kwenye mchanganyiko, biashara naipenda sana ila nikifungua vitabu vyake naona wateja wamo, wafanyakazi wamo, ila watu kama watu siwaoni, sijui kama mnanielewa. Sasa kaka yangu ni mhasibu na amenikalia kooni, anasema nitatoka sijui huku wala kule na kwamba mwajiri akiona sosholojia anajua tu huyu alikimbia hesabu.

Ninachotaka kujua, mzigo ukoje, ni kazi ya watu wawili au kila upande wanapunguza? Kuandika kazi na mitihani ni mtindo mmoja? Hivi vitu viwili vinakutana mahali au kila kimoja kinakaa kivyake mpaka unamaliza? Na ajira jamani, msinifiche.

kalamu_butu alijibu:

Mdogo wangu, mi nimesoma mchanganyiko huo huo na nimemaliza, nakupa kama ulivyo.

Mzigo kwa karatasi haujazidi. Idadi ya kozi kwa semista inalingana na ya wenzako wanaosoma kitu kimoja, ila kila idara inataka ufanye zile zake za lazima, zikikutana zinakula nafasi yote, kwahiyo zinazokufa ni zile za kuchagua. Wenzangu wa menejimenti tupu walikuwa wanajichagulia ujasiriamali, masoko ya mtandaoni, mnyororo wa ugavi, mi huku nina nadharia za jamii ya lazima na mbinu za utafiti ya lazima, nimeshajaa. Halafu ratiba. Idara mbili hazikai pamoja kupanga ratiba, semina ya huku inagongana na lekcha ya kule, ukienda kulalamika huku wanakwambia kaongee na wale, ukienda kwa wale wanakurudisha, na wiki ya kukusanya asaimenti huwa ni ile ile pande zote sijui wanaambiana nini kwenye hilo tu 😅

Uandishi ndo penyewe hasa. Kuna wiki nilikuwa na asaimenti mbili na zote zimeangukia mada moja, wafanyakazi wa vituo vya simu vya huduma kwa wateja wanavyoacha kazi kwa wingi. Menejimenti wanataka ripoti, muhtasari juu, vichwa vidogo, jedwali la gharama ya kuajiri na kufundisha mtu mpya, mapendekezo mwishoni. Sosholojia wanataka insha inayotiririka, hoja inabebana na hoja, ukiweka orodha ya vidoti unakatwa. Ziliporudi, kwenye insha ya sosholojia pembeni ya aya ya kwanza mwalimu kaandika "tatizo kwa nani?" maana nilianza kwa kusema kuacha kazi ni tatizo kubwa, na kweli, kwa kampuni ni gharama ila kwa yule anayeondoka huenda ndo suluhisho lenyewe. Kwenye ripoti ya menejimenti pembeni imeandikwa "sawa, meneja afanye nini Jumatatu?" Nikaziweka mezani pamoja nikacheka peke yangu, maana kila mwalimu alikuwa anauliza kile ambacho mwenzake hakiulizi kabisa.

Na kwenye mada ile ile ndo nikaona vinakutana wapi. Meneja wa kituo cha simu anapima sekunde za kila simu na alama za mteja, basi. Sosholojia wananipa Arlie Hochschild, mwaka 1983 aliandika kuhusu wahudumu wa ndege wanaofundishwa kutabasamu kama sehemu ya kazi, halafu akawaweka pembeni ya wakusanya madeni ambao wao kazi yao inawadai wawe wakali, yaani hisia za mtu zinakuwa mali ya mwajiri kama mikono yake ilivyo. Ukishasoma hiyo unaiangalia ile script ya simu kwa jicho jingine, unaanza kuuliza huyu anayetukanwa na wateja kutwa nzima halafu anatakiwa aseme "asante kwa kutupigia", huo uchovu uko kwenye safu gani ya lile jedwali langu la gharama? Haupo. Na ndo unaomfukuza mtu kazini.

Kwahiyo vinakutana, ila we ndo unavikutanisha. Hakuna mwalimu atakayekufanyia hiyo kazi, labda mmoja mmoja sana.

Debit_Credit:

Kaka yako ana hoja msimbeze. Mi sisemi sosholojia mbaya, nasema hesabu vizuri. Bodi za kitaaluma za uhasibu zikikusamehe mitihani zinaangalia kozi ulizofanya moja baada ya nyingine, jina la digrii peke yake halikuvushi. Sasa kama kozi za kodi na ukaguzi umezikosa kwa sababu nafasi imeliwa na nadharia za jamii, mitihani hiyo utakuja kuifanya baadaye kwa hela yako na jioni zako. Watu huwa wanaligundua hili wakiwa wameshavaa joho.

Na swali la pili, hivi sosholojia inaongeza nini ambacho hatuna? Kwenye menejimenti ipo kozi nzima ya tabia za watu kazini, tunasoma motisha, Maslow na ngazi yake ya mahitaji ya mtu, majaribio ya Hawthorne, uongozi, makundi, migogoro. Watu wamo humo dada, labda hujafika hiyo sura.

Mwl_Pembezoni:

Debit_Credit umenichokoza pazuri, maana umeitaja Hawthorne kwa mdomo wako mwenyewe. Mi nafundisha masuala ya asasi na kazi, wanafunzi wa pande zote mbili nawapata, na Hawthorne ndo mfano ninaoutumia kila mwaka kwa sababu idara zote mbili zinaufundisha na ukisikiliza unadhani ni viwanda viwili tofauti.

Hawthorne kilikuwa kiwanda cha Western Electric pale Cicero jirani na Chicago, kinatengeneza vifaa vya simu, na majaribio yalianza 1924 yakaenda mpaka 1932. Kwenye vitabu vya menejimenti hadithi inakuwa fupi: waliongeza mwanga uzalishaji ukapanda, wakapunguza mwanga uzalishaji ukapanda tu, kumbe watu wanajituma wakiona wanajaliwa, akaja mtafiti Elton Mayo, ikazaliwa shule ya mahusiano ya kibinadamu, geuza ukurasa. Ukifika sosholojia wanakuuliza vitu ambavyo ile aya haina. Kwa mfano kile chumba cha wasichana waliokuwa wanaunganisha rilei (swichi ndogo za umeme za mitambo ya simu), wale ambao uzalishaji wao ulipanda, wawili kati yao walitolewa mwanzoni mwa 1928 kwa madai kwamba wanaongea sana na hawatoi ushirikiano, wakaletwa wengine. Na malipo yao yalibadilishwa wakawa wanalipwa kwa kazi ya kikundi chao kidogo badala ya idara nzima. Sasa hapo ni kujaliwa, ni hela, au ni kuondoa wakorofi? Wasomi wamebishana miongo na miongo.

Halafu kuna chumba cha mwisho ambacho wanafunzi wangu wa menejimenti wengi hawajawahi kukisikia, cha kufunga nyaya, 1931 hadi 1932, wanaume 14. Hawa walikuwa wanalipwa kwa mtindo ambao wakizalisha zaidi wanapata zaidi, na bado hawakuzalisha zaidi. Walikuwa na kiwango chao cha siku walichokubaliana wenyewe, hakijaandikwa popote. Ukikizidi unaitwa majina na unapigwa ngumi ya bega, ngumi kweli. Ukiwa chini sana nako unasemwa kwamba unawanyonya wenzako. Na ukienda kumchongea mwenzio kwa msimamizi, huna rafiki tena. Kumbuka huo ni wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu wanapunguzwa kila kona, na kila mtu mle anaamini tukionyesha tunaweza zaidi basi viwango vya malipo vitashushwa au baadhi yetu tutaonekana hatuhitajiki. Kozi ya motisha itakwambia hawa hawajahamasishwa. Mi naona walikuwa wamehamasika sana, ila kwa sheria yao, yenye askari wake na adhabu zake, na meneja hakuwa na habari nayo.

Ndo tofauti hiyo, Debit. Kozi ya tabia za watu kazini mara nyingi inaanza na mtu mmoja mmoja na mahitaji yake, na inauliza kwa niaba ya meneja. Sosholojia inaanza na uhusiano, nani anamtegemea nani, sheria gani haijaandikwa, nani anafaidika mambo yakiendelea hivi hivi.

Nikupe mwingine mzito kidogo. Chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kililipuka tarehe 28 Januari 1986, watu saba wakafa. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba wakubwa walibanwa na ratiba, wakawapuuza mainjinia, wakavunja taratibu. Mwanasosholojia Diane Vaughan akakaa na nyaraka miaka, kazi yake ikatoka 1996, na alichokuta kinatisha zaidi ya hapo: kwa sehemu kubwa watu walikuwa wanafuata taratibu. Ile mipira ya kuzibia maungio ya roketi ilikuwa imeonyesha kasoro kwenye safari za nyuma, kila mara wakakaa, wakapima, wakaandika kwamba hatari inakubalika, chombo kikaenda kikarudi salama, kasoro ikazoeleka. Sasa we kama meneja ukiamini chanzo ni watu wabaya wachache utawafukuza na kuleta wapya, na wapya watakaa kwenye vikao vile vile wasaini fomu zile zile.

Samahani nimerefusha, mada hii huwa inanipandisha mori.

Debit_Credit:

Mwalimu hiyo ya wanaume 14 sikuijua, nimeipenda. Ila hoja yangu ya kodi na ukaguzi hujaigusa 😂

Mwl_Pembezoni:

Sijaigusa kwa sababu uko sahihi. Anayetaka uhasibu asome uhasibu.

Nukta_Pacha:

Asanteni sana jamani, mwalimu hiyo ya ngumi ya bega nimemsomea kaka yangu akakaa kimya halafu akasema hata ofisini kwao ipo ila hakuna ngumi 😂 Uhasibu sitaki kwakweli, hilo angalau nina uhakika. Ila hili la kukimbia hesabu linaniuma, hesabu siziogopi. Kwenye huo mchanganyiko takwimu zipo au ni nadharia mwanzo mwisho?

kalamu_butu:

Zipo na usiziachie. Watu wanadhani sosholojia ni hadithi tupu kumbe ile programu ya takwimu ya SPSS ambayo watu wa masoko wanaitumia kila siku, S mbili za mwisho zilimaanisha "Social Sciences", yaani sayansi za jamii, ilitengenezwa 1968 kwa ajili ya watafiti wa jamii. Hata yale majadiliano ya vikundi ambayo makampuni yanalipia ili kujua watu wanaonaje bidhaa mpya, asili yake ni kazi za Robert Merton miaka ya 1940 pale Chuo Kikuu cha Columbia wakiwa wanatafiti wasikilizaji wa redio, na Merton ni mwanasosholojia. Kwahiyo we mbinu za utafiti fanya zote, za namba na za mahojiano, hata kama wenzako wanazikimbia kwa sababu zinachosha (zinachosha kweli, kuandika neno kwa neno mahojiano ya saa nzima ni adhabu). Mwenye menejimenti tupu mara nyingi anajua kusoma grafu ya kuridhika kwa wateja, we utajua yale maswali ya dodoso yaliulizwaje na kwa nini kila mtu kajibu "nakubali". Mi hapo ndo nimepata mkate wangu.

Zuhura_HR:

Naingia upande wa ajira maana naajiri. Niseme tu mara nyingi jina la digrii tunaliangalia sekunde chache, labda kazi yenyewe iwe inadai leseni au taaluma maalum. Tunachoangalia ni ukiulizwa umesoma nini unajibuje. Mtu akisema "nimesoma menejimenti na sosholojia" halafu akanyamaza, ananiachia mi kazi ya kufikiria vinahusianaje, na mi sina muda. Akisema nimesoma jinsi kazi zinavyopangwa na kwa nini watu hawafanyi kama zilivyopangwa, hapo nimeinua kichwa.

Huwa tunawapa wasailiwa karatasi moja ya mahudhurio ya idara fulani, utoro unapanda siku zile zile kila wiki, tunauliza ungefanya nini. Wengi wanaruka moja kwa moja kwenye barua za onyo au zawadi kwa anayewahi. Kuna mmoja alikaa akaitazama ile karatasi halafu akauliza, zamu anapanga nani, na je watu wanaruhusiwa kubadilishana zamu? Akaomba aone majina kwa makundi badala ya kwa herufi. Akaona waliokosa ni wale wale wa zamu moja, na hiyo zamu inapangwa mtu akiwa ametoka ya usiku. Hakuwa na chochote cha ajabu kwenye CV, alikuwa na mchanganyiko kama wako.

Sehemu zinazokufaa ni rasilimali watu, utafiti wa masoko, utafiti wa watumiaji kwenye kampuni za programu na app, uendeshaji wa miradi, mashirika ya umma na yale yasiyo ya kiserikali, ushauri wa mabadiliko ndani ya kampuni. Sehemu ambazo utasota ni benki za uwekezaji, ukaguzi, uchambuzi wa fedha, huko Debit_Credit hajakudanganya.

Bado_Natafuta:

Mi pia nimesoma huo mchanganyiko na bado natafuta kama jina linavyosema, kwahiyo msimpambe sana binti wa watu. Kero moja hakuna anayeitaja, zile fomu za kuomba kazi mtandaoni zina kisanduku kimoja cha fani. Kimoja. Unachagua biashara au sayansi za jamii, ukichagua biashara ukifika kwenye usaili wanakuuliza mbona nusu ya matokeo ni ya jamii, ukichagua jamii mashine inakuchuja hata binadamu hajakuona. Mi sasa naandika biashara, halafu sosholojia naieleza kwenye barua.

Ila somo lenyewe limenisaidia kwenye kutafuta, sitadanganya. Mwanasosholojia Mark Granovetter, 1973, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi. Waliokuwa wanaonana mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu, mara mojamoja asilimia 55.6, waliobaki ni wale wanaoonana kwa nadra sana. Sababu yake inaeleweka, rafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua we, nafasi mpya iko kwa mtu wa mbali anayezunguka kwingine. Basi nimeacha kuwachosha washkaji zangu wa kila siku ambao nao hawana kazi, nawatafuta watu kama yule tuliyefanya naye prezentesheni mara moja mwaka wa kwanza. Wiki hii nina usaili na umetoka huko huko.

Zuhura_HR:

Bado_Natafuta kila la heri, ukifika elezea hivyo hivyo ulivyoandika hapa, usianze na nadharia anza na asilimia 16.7.

Nukta_Pacha:

Nimesoma zote, nimezidi kuipenda na nimezidi kuogopa kwa wakati mmoja 😂 Naelekea kuithibitisha. Kabla sijathibitisha, kuna kitu cha kuwauliza chuo?

kalamu_butu:

Kipo. Waombe orodha ya kozi za lazima kwa miaka yote, usikubali ile ya mwaka wa kwanza peke yake maana mwaka wa kwanza kila kitu kinavutia. Uliza kama ukiona hakufai unaweza kuhamia upande mmoja baada ya mwaka wa kwanza, vyuo vingi vinaruhusu ikiwa umefanya za msingi za huo upande. Uliza tasnifu inaandikiwa idara gani na kama unaweza kupata msimamizi kila upande, hilo ni kubwa kuliko unavyodhani, msimamizi mmoja wa menejimenti atakata sura nzima ya nadharia akisema ndefu na wa sosholojia atakata mapendekezo akisema hatujaajiriwa na kampuni. Mi walinipa mmoja tu na sura niliyoipenda kuliko zote ikaishia kwenye viambatisho. Na uliza cheti kitaandikwaje, yote mawili yatasomeka au moja litamezwa na jingine.

Mwl_Pembezoni:

Ongeza hili, tafuta kama kuna kozi ya sosholojia ya asasi au sosholojia ya uchumi, na inatolewa mara ngapi. Kuna vyuo imeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo lakini mwalimu wake alishaondoka zamani. Kama haipo kabisa, mchanganyiko wao ni wa jina, utasoma familia na dini upande mmoja na masoko upande mwingine mpaka umalize na hakuna atakayekuonyesha kiwanda.

Debit_Credit:

Na uhasibu wa menejimenti usiuache hata wakikwambia ni wa hiari. Huyo meneja wa Jumatatu lazima ajue bajeti imebaki shilingi ngapi.